Mpagazi wa Saa Kumi na Saba

Kipimo cha ridhaa kiliwaka nyekundu kwa mara ya tatu. Mwalimu Kondo Chaurembo, ambaye alikwisha kuvua viatu na kujiweka sawa kwenye kiti cha upagazi, alikitazama kile kijitaa kwa jicho lilelile alilowatazamia wanafunzi waliouchora Mto Malagarasi ukipita Tanga.

"Hiki kidude hakijafundishwa," alisema.

"Mwalimu, tafadhali jibu swali lenyewe tu," alisema Nyamizi. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kiti asubuhi ile. "Unakubali kwa hiari yako kumbebea Bi Kalunde binti Sizya saa za safari yake, kutoka Tabora hadi Vancouver?"

"Huyu bibi kizee? Mimi nimekuja kuhakikisha anaondoka kweli. Akafike huko agande kama samaki wa dukani, nami nibaki nirithi mizinga yake ya nyuki."

Nyekundu.

Upande wa pili wa kioo, mbele ya mlango wa safari, Bi Kalunde alikuwa amesimama na kifurushi chake kwapani: doti mbili za kanga kuukuu za kumfunika mtoto, chupa ya asali, unga wa uwele wa uji wa mzazi. Alicheka hadi akashika ukuta. "Mwacheni akatae," alisema kupitia kipaza sauti. "Tangu lini Mzaramo akabeba kitu kizito kuliko ngoma?"

"Unasikia anavyonitukana?" Kondo alimwuliza Nyamizi. "Halafu unataka nimbebee saa kumi na saba. Washa hicho kiti upesi, kabla sijapata akili."

Nyamizi hakukiwasha. Bi Kalunde alikuwa mama yake mzazi.

Sayansi ya mlango ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuiamini. Umbali unarukika, muda haurukiki. Kutoka Tabora hadi Vancouver ni zaidi ya kilomita elfu kumi na nne na nusu kwa njia ya anga, na abiria wa mlango alizivuka zote kabla chai haijapoa. Lakini zile saa kumi na saba ambazo ndege ingezitumia hewani hazikufutika. Zilikuwa lazima ziketiwe na mtu. Miguu kuvimba, shingo kukakamaa, kiu, kichwa kuwa kizito: vyote vilimshukia mpagazi aliyekaa kitini Tabora, na vilimshukia vikiwa vimekolea, kwa sababu mwili wake ulikuwa unasafiri bila kwenda popote. Na kama mpagazi angenyanyuka kabla ya saa ya mwisho, zilizobaki zingemrukia abiria kwa mkupuo mmoja, popote alipo.

Kijana mwenye afya angezimia kwa mkupuo huo na kuamka siku mbili baadaye. Bi Kalunde moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alikuwa amemkataza hata ndege ya kawaida, yenye kuunganisha na kungoja na kukaa umekunja magoti siku nzima na zaidi. Mlango ndio uliokuwa njia yake pekee ya kumfikia Wande, dada yake Nyamizi, aliyekuwa amelazwa Vancouver akingoja kujifungua. Wande alikuwa amepoteza mimba mbili. Mumewe alikuwa mtu mwema, lakini Wande hakuwa akimtaka mtu mwema. Alikuwa amepiga simu juzi na kusema neno moja tu, "Mama," kisha akashindwa kuendelea.

Sheria ilimkataza Nyamizi kumbebea mama yake. Miaka ya mwanzo ya milango, kila ukoo wenye wasafiri ulikuwa na binti mmoja wa kukaa kitini. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyemwuliza. Mabinti wale walikonda, wakazeeka wakiwa hawajaenda mahali. Ndipo ikaandikwa kwamba asiyeweza kukataa hawezi kukubali, na ndugu wa damu akaondolewa kitini kabisa. Nyamizi alikuwa amejiunga na kituo kwa ajili ya sentensi hiyo. Alikuwa ameibandika ukutani juu ya kitanda chake tangu akiwa chuoni.

Mpagazi wa kwanza wa leo, msichana aliyeletwa na wakala, Nyamizi alimrudisha mwenyewe alfajiri. Kipimo kilikuwa kimemwakia kijani. Lakini Nyamizi alipomwuliza kama anaweza kukataa, msichana alijibu kwa upole kabisa, "Nikikataa nitakula nini, dada?" Alimwambia aende nyumbani, akatoka nje ya kituo akakaa juu ya ngazi, akijua kwamba ameifunga njia ya mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo Mwalimu Kondo alipotokea na baiskeli. "Nimesikia mnatafuta punda," alisema.

"Tunaweza kuapa," alisema Tesha, mhandisi wa mlango, akiwa nyuma ya meza yake ya mitambo. Tesha alikuwa Mchaga wa Machame, mtu wa maneno machache. "Kanuni inasema wasimamizi wawili wakiapa kwamba ridhaa ipo, kipimo kinapuuzwa. Mimi nina watani zangu Wapare. Najua ninachokisikia hapa."

"Mimi ni mtoto wake, Tesha. Kiapo changu kina kasoro."

"Basi mwulize unavyotaka kumwuliza. Mimi nitasikiliza."

Nyamizi alichuchumaa mbele ya kiti. "Mwalimu, unaweza kukataa?"

Kondo alimtazama. Kwa nukta moja utani ulimtoka usoni, kama mtu aliyeinua pazia na kulishusha. "Mtoto wee. Siku namzika mke wangu, mama yako alikwenda akajilaza ndani ya kaburi, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Watu wote wanalia, yeye amejilaza humo ananiuliza kama marehemu alikuwa anakoroma. Mimi nilicheka siku ile. Nilidhani sitacheka tena maisha yangu." Akajiegemeza. "Naweza kukataa. Nimemkatalia mama yako mambo mengi kwa miaka thelathini, tena nikicheka. Leo sitaki kukataa."

Nyamizi na Tesha wakaapa.

*

Bi Kalunde alipita mlangoni akiwa bado anaongea. Alikuwa katikati ya kumwambia Kondo asimwage mate kwenye kiti cha serikali, na sentensi ilianza Tabora ikaishia Vancouver, ambako ilikuwa bado usiku wa jana. Dakika chache baadaye simu ya kituo ikalia. "Nimefika," alisema. "Wananiita Madam. Wande ameniona akalia, nami nikalia, sasa tumeacha. Uchungu umeanza anza. Yule Mzaramo yu hai?"

"Nakufa mimi," Kondo alijibu kutoka kitini. "Wanyamwezi wananiua."

Ndivyo ilivyokuwa asubuhi nzima. Kondo alikufa mara nyingi. Alikufa kwa njaa, akafa kwa harufu ya soksi za Mihayo, mlinzi wa lango, aliyekuwa akichungulia kila baada ya muda kumwuliza kama msibani kutakuwa na wali au makande. "Mtakula uyoga wenu mliouzoea," Kondo alimjibu. Mama Kashindye, mpishi wa kantini, alipita na sahani akasema kwamba Mzaramo amekaa kitako saa nzima bila kucheza, hii ni historia, iandikwe. Kondo akamwambia kwamba babu zake Mama Kashindye walitembea kutoka Tabora hadi pwani na pembe za ndovu kichwani, na walipofika, Wazaramo waliwatazama vile vichwa vilivyobonyea wakawahurumia wakawapa nazi. "Ndiyo leo tunadai nazi zetu."

"Basi leo ndiyo zamu yenu ya kubeba."

"Ndiyo maana nakufa."

Wote wakacheka. Nyamizi alicheka pia. Moyo wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Alikagua mapigo ya mpagazi, akaandaa maji, akaufuata mshale ulioonyesha saa zilizoketiwa ukipanda taratibu. Kipimo cha ridhaa ukutani kiliendelea kuwaka nyekundu kila Kondo alipofungua kinywa, na Tesha akakifunika kwa kofia yake.

Mchana ulipopinda, Nyamizi alimpelekea Kondo maji yenye mrija. Alikunywa kidogo, akalaza kichwa.

"Asante sana, mwanangu," alisema. "Mungu akubariki."

Nyamizi alikwisha kufika mlangoni na kikombe ndipo aliposimama ghafla.

Alikuwa amekua nyumba ya pili kutoka kwa mtu huyu. Alikuwa amefundishwa naye ramani. Alikuwa amemwona akipewa na mama yake nyama, mbegu, dawa, hata shuka la kumfunika mkewe, na hakuwahi kumsikia akimshukuru mtu yeyote wa nyumba yao. Ukimpa asali anasema imechacha, huku analamba kidole.

Alirudi. "Mwalimu, mama anasema wewe ni kuni mbichi, moshi mwingi, moto hakuna."

Akangoja.

"Mama yako ni mtu mwema," alisema Kondo, macho yamefungwa.

Nyamizi aliivuta kofia ya Tesha kutoka kwenye kipimo. Kilikuwa kinawaka kijani, safi, bila kutetereka. Kijani ambacho hakuwa amekiona tangu alfajiri, alipokuwa amemketisha yule msichana wa wakala.

*

"Mapigo yanakwenda mbio, shinikizo limeshuka," alisema Tesha. "Hajafikia hatari. Lakini kabakiza saa kumi na moja za safari, na kwa hali hii hatazimaliza. Kuna sindano ya kukaza mishipa. Kanuni inaruhusu kumpiga kama kipimo ni kijani." Alikitazama kipimo. "Na ni kijani."

"Sindano itamfanya nini?"

"Wengi inawafikisha. Baadhi, figo zao hazirudi kama zamani." Tesha hakumtazama. "Amekubali, Nyamizi. Tuliapa."

Sindano ilikuwa kwenye sinia, imekwisha kujazwa. Nyamizi aliiona na kuelewa kitu kilichomtisha: hakuhitajika kufanya ubaya wowote. Hakuhitajika kusema uongo hata mmoja. Ilitosha anyamaze na akiamini kipimo, kama kila msimamizi katika kila kituo duniani alivyokiamini mchana huo, na mama yake angebaki ameshika mkono wa Wande hadi mwisho. Mtu pekee duniani aliyejua kwamba kijani kile kinasema uongo alikuwa yeye.

Alichuchumaa tena mbele ya kiti. "Mwalimu. Unaweza kukataa?"

Kondo alichelewa kujibu. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Nikikataa," alisema kwa upole, "Kalunde atakuwaje?"

Yalikuwa majibu ya yule msichana. Maneno tu yalikuwa mengine.

"Tua mzigo," Nyamizi alimwambia Tesha.

"Nyamizi. Ni mama yako."

"Najua ni mama yangu. Ndiyo maana nilitaka sana kukiamini hicho kipimo. Tua mzigo, Tesha. Ridhaa imekwisha."

Tesha alivuta mkono wa mtambo. Mzigo wa saa unaweza kutuliwa, kama wapagazi wa zamani walivyoegesha pembe kwenye panda ya mti wavute pumzi. Lakini hauwezi kukaa chini muda mrefu. Muda wa kuchemsha sufuria ya chai, kisha huanza kumtafuta mwenyewe.

Kondo alishusha pumzi ndefu, mikono ikaanguka mapajani. Nyamizi alimfunika blanketi miguuni, akapiga simu Vancouver kwa kipaza sauti.

Nyuma ya sauti ya mama yake alimsikia Wande akigumia. "Sema haraka, mwanangu, hapa tuna kazi."

"Mama, Mwalimu amechoka kweli."

"Bado anatukana?"

"Tangu mchana hajatukana. Ameniita mwanangu. Amesema wewe ni mtu mwema."

"Kasema hivyo? Mtoeni hapo kabla hajafa."

"Nimemtoa, Mama." Sauti ya Nyamizi ilipasuka. "Lakini zimebaki kumi na moja. Zikikujia zote..."

"Zikija zote nitakwenda, najua, daktari alinieleza kwa Kiswahili. Usilie kwenye simu ya kazi. Ulivyofanya ni sawasawa. Nani kakwambia nilitaka kumshika mjukuu kwa mikono iliyomuua Mzaramo? Nitamtania nani?" Akakohoa. "Hebu niambie. Mimi hapa kuna yangu ninayoweza kuibeba? Safari ni yangu, na tangu asubuhi sijabeba hata kibuyu. Moja naiweza. Hata kanisani nakaa zaidi ya hapo."

Nyamizi alimgeukia Tesha. Mlangoni, Mihayo mlinzi alikuwa amesimama na kofia mkononi, na nyuma yake Mama Kashindye, aliyekuwa ameacha kucheka.

"Kwani mzigo lazima uwe wa mtu mmoja?" aliuliza Mihayo.

"Walijaribu kugawana," alisema Tesha. "Maabara, mara nyingi. Saa zinakataa kuhama. Zinabaki kwa wa kwanza, au zinamrudia abiria. Hakuna aliyejua kwa nini."

"Waliowatumia walikuwa nani?" Nyamizi aliuliza.

"Wapagazi wa mawakala. Wale wa kulipwa."

"Watu wasioweza kukataa." Nyamizi alisema taratibu, kana kwamba anasoma ule ukuta wa juu ya kitanda chake. "Saa inafuata ridhaa, Tesha. Haikuwa na pa kuhamia."

Tesha aliuchunguza mtambo wake upya. Kisha akasimama. "Wewe huwezi kukaa."

"Siwezi. Ukiniuliza kama naweza kukataa, jibu ni hapana. Hata kuwauliza hawa siwezi. Waulize wewe."

Tesha akamwendea Mihayo. "Wewe si ndugu wa Bi Kalunde?"

"Mimi wa Urambo. Namjua kwa kumfungulia lango. Lakini huyu aliyelala hapa ni mtani wangu, na amebeba mzigo wa Kinyamwezi tangu asubuhi. Watu wa kwao wakisikia, tutaficha wapi uso?"

"Unaweza kukataa?"

"Naweza sana. Nakataa zamu za Jumapili kila wiki, mwulize bosi. Nipe tatu."

"Mama Kashindye?"

"Mimi sitaki," alisema Mama Kashindye, akageuka akaondoka.

Walisikia makobazi yake yakipiga sakafu ya korido hadi yakapotea. Mihayo aliinamisha kichwa. Mshale wa mzigo uliotuliwa ulianza kuyumba. Nyamizi alifumba macho, na hata katika hofu ile alijikuta hana kinyongo na yule mama. Alikuwa ameulizwa, naye amejibu.

Makobazi yakarudi.

"Nilikuwa na maharage motoni," alisema Mama Kashindye, akifuta mikono kwenye kanga. "Nimeepua. Sasa ninataka. Tatu kama za Mihayo, nisije nikasikia alibeba zaidi yangu."

Na kutoka kwenye kiti, chini ya blanketi, sauti dhaifu ikasema, "Nirudishieni nne zangu."

"Mwalimu, huna haja," alisema Nyamizi.

"Nimesema nne. Nikipumzika kwanza. Sitabebewa yote na mpika maharage."

Nyamizi alikitazama kipimo. Kilikuwa kimepepesa nyekundu kidogo, pembeni.

*

Viti viwili zaidi viliburutwa kutoka ghala. Tesha aliunganisha nyaya, akaapa peke yake, kanuni itake isitake, akamwomba Mungu wa Machame na wa Tabora kwa pamoja, kisha akausukuma mkono wa mtambo.

Mshale ulisimama. Ukakaa pale. Kila mtu aliutazama.

Kisha shingo ya Mihayo ikainama polepole, kama mtu aliyewekewa gunia. "Ah," alisema. "Kumbe ndiyo hivi? Hii ndege haina chakula?"

"Chakula nimekiepua," alisema Mama Kashindye kwa meno yaliyokazwa. "Nyamaza usafiri."

Kwenye kipaza sauti Bi Kalunde alivuta pumzi. Nyamizi alishika ukingo wa meza. "Mama?"

"Yangu imefika. Ni kama mtu mzima kanikalia magotini." Alipumua mara mbili, tatu, na kila pumzi Nyamizi aliisikia mbavuni mwake. "Mnene kiasi. Lakini anakalika."

Nyamizi aliegemea ukuta akateleza hadi chini, akabaki amekaa sakafuni, na machozi yalimtoka bila kelele. Tesha alimwekea kofia yake kichwani, kwa kuwa hakujua la kufanya jingine.

Saa zile ziliketiwa sambamba, nyingi kwa mara moja, na jua la jioni lilikuwa bado halijagusa mapaa ya mji zilipobaki chache. Bi Kalunde alimaliza yake mapema, akasema magoti yamemuuma zaidi siku za mavuno. Mama Kashindye alimaliza akiwa na miguu iliyovimba, akakataa kusimama mpaka aone Mihayo amemaliza. Zile nne za Kondo zilimngoja zikiwa zimetulia, kwa kuwa mzigo ulikwisha kupata wa kuukubali; baada ya kulala na kunywa uji, alizirudia. Nyamizi alikaa kando yake na hakumwachia mshipa wa mkono hata mara moja. Alimwuliza swali lile kila alipoona anakunja uso, na kila mara alijibiwa kwa kukoroma kwa makusudi.

Ilikuwa imebaki sehemu ndogo ya saa ya mwisho ndipo sauti mpya ilipoingia kwenye kipaza sauti. Ilikuwa nyembamba, yenye hasira, na ilitoka kilomita elfu kumi na nne na nusu.

Tesha alivua miwani.

"Wa kike," alisema Bi Kalunde. Sauti yake ilikuwa na maji. "Mzima kabisa. Wande mzima. Amemshika sasa hivi, hamtaki mtu amguse. Huku jua ndiyo linachomoza."

"Aitwe Kondo," alisema Kondo.

"Ni wa kike, wewe."

"Nimesikia. Aitwe Kondo hivyohivyo. Nimemketia."

"Huyu mtoto hatabebeshwa jina lenye miguu mibaya kama yako."

Mshale ukafika mwisho. Kiti kilitoa mlio mdogo, mwepesi, na saa ya kumi na saba ikawa imeketiwa. Nyamizi alimfungua Kondo mikanda, akamshika kiwiko ainuke. Alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia. Alikuwa ameyapanga tangu alasiri, maneno mazuri, juu ya mama yake na mtoto na deni lisilolipika.

Kondo alimtazama kuanzia kichwani, kwenye kofia kubwa ya Tesha, hadi miguuni.

"Na wewe," alisema, "yale maji uliyoniletea mchana yalikuwa ya moto kama ya kuoshea maiti. Shule nzima nilikufundisha jangwa ni nini, hukuelewa hata siku moja. Hata kuku wa kwenu hawanywi vile."

Nyamizi aliyameza yale maneno mazuri. Maisha yake yote alikuwa amemwita Mwalimu.

"Vaa viatu vyako uende, Mzaramo wewe," alimwambia, akilia na kucheka. "Unanukisha kituo."

Kondo aliangua kicheko hadi akakaa tena. Ukutani kipimo cha ridhaa kiliwaka nyekundu kali, kikaendelea kuwaka, na hakuna aliyekitazama.